Dubrovnik: Mji Uliojua Kuzisubirisha Meli

Tarehe 27 Julai 1377, Baraza Kuu la Ragusa, mji ambao leo unaitwa Dubrovnik, lilipitisha sheria fupi kuhusu wageni. Yeyote aliyetoka mahali penye tauni asingeruhusiwa kuingia mjini wala katika himaya yake mpaka akae mwezi mzima kwenye kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji jirani wa Cavtat. Wanahistoria wengi huihesabu sheria hiyo kuwa karantini ya kwanza kuwekwa na serikali. Linalonishangaza mimi ni kwamba mji haukufunga bandari. Isingewezekana. Ardhi ya Ragusa ilikuwa ukanda mwembamba wa mawe kati ya mlima na bahari, haikuwa na mashamba ya kutosha kuwalisha watu wake, na ngano yenyewe ililetwa na chombo. Wazee wa baraza wakaamua meli zije na bidhaa zije, lakini kwa wakati watakaopanga wao na kwa masharti yao.

Miaka 640 baadaye, mji uleule ulikuwa umezidiwa na meli. Asubuhi za Julai na Agosti, kabla haijagonga saa nne, meli kadhaa za kitalii zilikuwa zimekwisha kufika, nyingine gatini katika bandari ya Gruž, nyingine zimetia nanga mbele ya kisiwa cha Lokrum, na maelfu ya abiria walikuwa wakielekea kwenye mji mkongwe ambao barabara yake kuu ina urefu wa mita 300 hivi. Watu walisukumana Pile, mlango wa kuingilia mji huo. Askari wa mji walisimama pale kuwapitisha kwa zamu, wanaotoka upande huu na wanaoingia upande ule. Mji uliowafundisha watu wa bahari kusubiri ulikuwa umepoteza uwezo wa kumwambia mgeni asubiri.

Masimulizi mengi ya utalii wa Dubrovnik huanzia mwaka 2011, pale waigizaji na wapiga picha wa tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones walipofika na kuugeuza mji kuwa makao ya kifalme ya kubuni. Ni kweli tamthilia ile iliongeza watu. Lakini kilichojaza gati ni meli, na habari ya meli katika mji huu ni ya zamani mno kuweza kuanzia kwenye televisheni.

Ragusa ilitawaliwa na Venice kuanzia 1205 hadi 1358. Ikajinasua, ikaishi chini ya kivuli cha mfalme wa Hungaria, na baadaye ikawa inawalipa Waosmani dukati 12,500 kila mwaka ili iachwe ifanye biashara yake kwa amani huko Balkani na Mashariki. Haikuwa na jeshi la kumtisha mtu. Ilikuwa na wanadiplomasia, na kufikia karne ya 18 ilikuwa na ofisi za konseli zaidi ya 80 katika bandari za Mediterania na mbali zaidi. Ilikuwa pia na manahodha. Katika karne ya 16 meli zake za masafa marefu zilifika takribani 180, moja ya makundi makubwa ya meli za biashara katika Mediterania yote, kwa mji ambao ungeweza kuuzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mwaka 1568 ilitunga sheria ya bima ya vyombo vya baharini, miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa za aina hiyo duniani. Watu hawa walijua meli ni nini, inaleta nini na inaweza kupoteza nini.

Ndiyo maana kila kitu mjini kilijengwa ili kumsimamisha mtu mlangoni kwanza. Mwaka 1485 ulijengwa ukuta wa mawe baharini, uitwao Kaše, mbele ya bandari kongwe. Kati yake na ngome ya Mtakatifu Yohana ulivutwa mnyororo wa kufunga njia ya kuingilia. Upande wa nchi kavu, daraja la mlango wa Pile liliinuliwa kila jioni na funguo za mji zikapelekwa kwa Rekta, mkuu wa jamhuri, ambaye yeye mwenyewe alikaa madarakani mwezi mmoja tu, na katika mwezi huo hakuruhusiwa kutoka nje ya kasri lake isipokuwa kwa shughuli rasmi. Nje ya mlango wa Ploče, kati ya 1590 na 1642, yakajengwa majengo ya Lazareti, mabanda marefu ya mawe yenye nyua katikati, ambako wafanyabiashara wa misafara kutoka Bosnia na kwingineko walikaa na mizigo yao mpaka mji uridhike na afya zao. Ukuta unaozunguka mji una urefu wa mita 1,940, na mahali pengine unafika mita 25 kwenda juu.

Hata maduka yalifuata tabia hiyo. Tetemeko la tarehe 6 Aprili 1667 liliangusha sehemu kubwa ya mji na kuua maelfu ya watu, na mji ulipojengwa upya, nyumba za barabara kuu ya Stradun zilipewa mfano mmoja: mawe yaleyale, kimo kilekile, na chini yake maduka yenye mlango wa namna ya pekee. Tao moja la mawe limebeba mlango na dirisha kwa pamoja. Nusu moja ya uwazi imezibwa kwa chini na kaunta ya jiwe, nusu ya pili ni ya kupita mtu. Mwenye duka alisimama ndani akatoa bidhaa juu ya kaunta, mnunuzi akapokea akiwa barabarani. Ukitembea Stradun leo utaziona kaunta hizo mlango baada ya mlango, kingo zake zimelainika kwa miaka mingi ya mikono na vitambaa. Sakafu ya barabara nayo, ya mawe meupe ya chokaa, imesuguliwa na nyayo mpaka inang'aa, na mvua ikinyesha inaakisi taa.

Jamhuri ilikufa kwa amri ya Wafaransa. Majeshi ya Napoleon yaliingia mwaka 1806, na tarehe 31 Januari 1808 serikali ya Ragusa ikafutwa. Mwaka 1815 mkutano wa Vienna uliukabidhi mji kwa Austria. Yakaja majira ya ukimya. Kisha ikaja stima, na stima haikuweza kuingia bandari kongwe. Bandari ile ilichimbwa kwa ajili ya majahazi na mashua. Ni ndogo na kina chake ni kifupi. Meli mpya zikahamia Gruž, ghuba yenye kina upande wa kaskazini-magharibi, kama kilomita tatu kutoka ukutani. Uhamisho huo ulikuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana siku zile. Tangu hapo bandari na mji vikawa vitu viwili mbalimbali, na aliyeshika funguo za mji hakuwa tena na mnyororo wa bandari mkononi.

Wageni wa mapumziko walianza kuja na stima hizohizo. Kampuni ya Lloyd ya Austria iliunganisha Trieste na miji ya pwani ya Dalmatia. Mwaka 1897 ilifunguliwa hoteli ya Imperial nje kidogo ya mlango wa Pile. Mwaka 1901 reli nyembamba ikafika Gruž kutoka bara, na mwaka 1910 tramu ikaanza kuwapandisha watu kutoka bandarini hadi Pile. Miaka hiyohiyo biashara ya safari za starehe kwa meli ilikuwa imezaliwa kaskazini. Albert Ballin wa kampuni ya meli ya Hamburg alisumbuliwa na tatizo la kawaida la mwenye meli: majira ya baridi Atlantiki ilichafuka, abiria wakapungua, na meli zake za gharama kubwa zikalala bure. Januari 1891 akaituma meli ya Augusta Victoria kuzunguka Mediterania na abiria 241, kwa karibu miezi miwili. Hawakuwa na mahali pa lazima pa kwenda. Walikwenda ili waone. Wengi walimdhania amerukwa na akili, lakini safari ilifana, na mpaka leo msingi wa biashara hii haujabadilika: meli imekwisha kugharimu fedha, kwa hiyo lazima isikae bure, na bandari ni kitu cha kuonyesha njiani.

Kwa muda mrefu Dubrovnik haikuona hasara yoyote katika msingi huo. George Bernard Shaw alikuja mwaka 1929 akausifu mji. Mwaka 1936 Mfalme Edward VIII wa Uingereza alipita na Wallis Simpson ndani ya yoti ya Nahlin, na waandishi wa habari nyuma yao. Baada ya Vita vya Pili, Yugoslavia ya kijamaa ilikuwa na shida ya fedha za kigeni na ikaiona pwani yake kama hazina. Tamasha la Majira ya Kiangazi lilianza mwaka 1950, uwanja wa ndege wa Čilipi ukafunguliwa 1962, na barabara kuu ya pwani ikafuata. Hoteli zikajengwa Lapad na Babin Kuk, mbali na ukuta. Mgeni wa enzi hiyo alikaa wiki moja au mbili, alioga baharini, alikwenda mjini jioni kula na kusikiliza muziki, akarudi hotelini. Mwaka 1979 UNESCO iliuingiza mji mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, ndani yake mkiishi mafundi viatu, washonaji, wauza samaki, walimu na watoto wao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi ndani ya kuta walikuwa karibu 5,000.

Oktoba 1, 1991, katika vita vilivyofuata Kroatia kujitenga, jeshi la Yugoslavia liliuzingira mji. Maji na umeme vikakatika. Mwisho wa mwezi huo msafara wa vyombo vya kiraia, ukiongozwa na kivuko cha Slavija, ulikuja kutoka kaskazini kuvunja mzingiro, ukapeleka chakula na dawa na kuondoka na wakimbizi. Watu waliokuwa wameishi kwa meli vizazi na vizazi waliokolewa na meli. Tarehe 6 Desemba mji mkongwe ulipigwa makombora mfululizo. Kati ya majengo 824 ya ndani ya kuta, 563 yalipatwa, na baadhi ya majumba ya kale yaliungua yakabaki kuta tupu. UNESCO ikauweka mji kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ukakaa humo hadi 1998. Ukipanda ukutani leo, vigae vya paa vinasimulia habari hiyo bila bango lolote: vile vya rangi ya chungwa iliyokolea ni vya baada ya vita, na vile vilivyopauka, vya rangi ya mchanga na ukungu, ni vile vilivyonusurika. Vipya ni vingi kuliko vya zamani.

Nafikiri hapa ndipo pana kiini cha yaliyofuata, na hakisemwi vya kutosha. Baada ya vita, hoteli nyingi zilikuwa zimechomwa, zimeporwa, au zilikuwa zimekaliwa na wakimbizi kwa miaka. Mji ulihitaji wageni haraka na haukuwa na mahali pa kuwalaza. Njia ya nchi kavu nayo ilikuwa taabu, kwa kuwa kipande kidogo cha pwani ya Bosnia pale Neum kiliitenga Dubrovnik na Kroatia nyingine; msafiri alivuka mpaka mara mbili kufika nyumbani, mpaka daraja la Pelješac lilipofunguliwa Julai 2022. Meli ya kitalii ilikuwa jibu la shida zote mbili. Inakuja na vitanda vyake, jiko lake, maji yake na hata daktari wake. Haihitaji barabara. Inahitaji gati, na gati lilikuwapo. Mji uliojeruhiwa ulifungua mikono, na sioni ni kwa vipi mtu angeulaumu.

Wakati huohuo meli zenyewe zilikuwa zinabadilika. Biashara ya kisasa ya safari hizi ilikuzwa Miami kuanzia mwaka 1966, Ted Arison na Knut Kloster walipoanza kuipeleka meli ya Sunward visiwa vya Bahama. Mwaka 1988 ikaja Sovereign of the Seas, yenye tani 73,000 na nafasi za abiria zaidi ya 2,200, na tangu hapo wajenzi wa meli wakashindana kuongeza ukubwa. Karibi ikajaa, kampuni zikatazama Mediterania, ambako Costa ya Genoa ilikuwa na uzoefu wa miaka mingi na MSC ilikuwa inapanda kwa kasi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2010, meli moja yenye abiria 3,000 hadi 4,000 ilikuwa jambo la kawaida Gruž. Gati lilirefushwa na kuimarishwa kwa mkopo wa Benki ya Ulaya ya Ujenzi na Maendeleo. Mwaka 2013 abiria wa meli walioingia Dubrovnik walipita milioni moja. Manispaa nzima, pamoja na vitongoji vyake vyote, ilikuwa na wakazi wapatao 42,000.

Lakini hesabu ya mwaka haikuwa ndiyo shida yenyewe. Abiria milioni moja wakigawanywa vizuri katika siku za mwaka ni chini ya 3,000 kwa siku, na mji ungewabeba bila kulalamika. Shida ilikuwa saa. Safari ya Adriatiki kwa kawaida ilikuwa mzunguko wa siku saba ulioanzia Venice mwishoni mwa juma. Meli husafiri usiku na kutia nanga mchana. Kampuni mbalimbali zilizoanza mzunguko siku ileile, zikapita njia ileile, zilijikuta zimefika Dubrovnik siku ileile na saa ileile. Siku fulani za juma gati lilikuwa tupu. Siku nyingine mji ulikuwa kama nyumba ya sebule moja iliyopangiwa harusi tatu asubuhi moja. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Kila kampuni ilipanga ratiba yake, mamlaka ya bandari, ambayo ni chombo cha serikali kuu na si cha mji, ilipokea maombi ya gati, na meya alisoma matokeo yake barabarani.

Fuata siku ya abiria mmoja. Anakula kifungua kinywa melini. Saa tatu anashuka na kibandiko cha namba kifuani, anapanda basi hadi Pile, na kiongozi wa watalii anainua kibao chenye namba ileile ili kundi lisipotee. Wanapita mlangoni, wanasimama kwenye chemchemi ya Onofrio, iliyokamilishwa mwaka 1438 na kulishwa kwa mfereji wa kilomita 12 kutoka milimani, wanapiga picha, wanateremka Stradun mpaka kasri la Sponza na kanisa la Mtakatifu Vlaho. Wachache wanapanda ukutani, ambako tiketi mwaka 2023 ilifika euro 35. Wengine wananunua aiskrimu na sumaku ya kubandika kwenye friji. Saa saba au nane wanarudi, kwa sababu chakula cha mchana kimekwisha kulipiwa melini, na ziara yenyewe nayo ilinunuliwa melini. Kisha barabara inapumua kidogo, hadi meli ya kesho.

Mtu huyo hana kosa. Amefanya kazi mwaka mzima, amelipa fedha zake, na ana haki ya kutaka kuuona mji mzuri. Wala si haki kumtwisha mzigo wote wa wakazi kuondoka. Msafiri wa meli hakununua nyumba ya mtu. Aliyechukua kitanda cha mkazi ni mgeni anayelala, yule wa fleti za kukodisha kwa usiku mmoja mmoja, zilizoenea kwa kasi mtandao uliporahisisha biashara hiyo. Ila mambo haya mawili yalisaidiana. Meli zilijaza barabara mchana, duka la vyakula likageuka duka la zawadi kwa sababu ndilo lililolipa, mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi akachoka kupenya umati kila siku kwenda sokoni, na alipotazama bei ambayo chumba chake kingeingiza kwa usiku, akahamia Gruž au Mokošica akakipangisha. Wakazi wa ndani ya kuta, waliokuwa karibu 5,000 kabla ya vita, katikati ya miaka ya 2010 walikuwa wamebaki chini ya 1,500.

UNESCO ilituma wataalamu, nao wakapendekeza watu waliomo ndani ya mji mkongwe wasizidi 8,000 kwa wakati mmoja. Mji ukafunga kamera kwenye milango ya kuingilia ili kuhesabu. Nalisifu jambo hilo, kwa kuwa kabla ya hapo watu walibishana kwa hisia, mfanyabiashara akisema hapajajaa, mkazi akisema hapapumuliki. Mwaka 2017 Mato Franković alichaguliwa kuwa meya na akaanzisha mpango wa kuheshimu mji. Alipendekeza kiwango kiwe nusu ya kile cha UNESCO, yaani abiria wa meli wapatao 4,000 kwa wakati mmoja, kwenye meli zisizozidi mbili. Vibanda vya zawadi na meza za mikahawa kwenye njia za umma vikapunguzwa. Mwaka 2019 mji ulitia saini makubaliano na CLIA, umoja wa kimataifa wa kampuni za safari hizi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kalamu na jedwali. Kampuni hupanga ratiba za meli miaka miwili kabla, hivyo tamko la 2017 halikuweza kuonekana barabarani kesho yake. Ilibidi kukaa na kampuni moja moja, kuiomba hii ihamishe Jumamosi iwe Jumatatu, ile ifike mchana badala ya asubuhi, nyingine ilale gatini mpaka usiku. Mji ulisisitiza meli zikae muda mrefu zaidi, saa nane au zaidi, kwa hoja kwamba mgeni mwenye muda hula chakula mjini, huingia makumbusho na hapiti mbio. Mwaka 2021 ikaanza kodi ya abiria wa meli. Kila nikiifikiria kazi hii naiona sheria ya 1377 ndani yake. Swali ni lilelile: chombo kije, lakini nani anapanga saa?

Katikati ya juhudi hizo ikaingia korona. Machi 2020 meli zilisimama dunia nzima. Wiki chache kabla, meli ya Diamond Princess ilikuwa imefungiwa Yokohama na wagonjwa ndani yake, na bandari moja baada ya nyingine zikakataa meli zilizokuwa zikitangatanga na abiria. Dubrovnik ilipata majira ya kiangazi ambayo wakazi wake hawakuwa wameyaona tangu vita. Wengi walikiri waziwazi kwamba walifurahi kuiona Stradun tupu, na wengi walikiri vilevile kwamba hawakuwa na fedha za kodi ya nyumba. Kauli zote mbili zilikuwa za kweli, mara nyingi kutoka kinywa kimoja.

Meli ziliporudi, zilirudi kwa utaratibu mpya, na kwa ushahidi wote, umati wa mlangoni Pile umepungua ukilinganisha na ule wa 2016 na 2017. Yapo mambo mengine ambayo mji hauyaamui peke yake. Agosti 1, 2021 Italia ilizipiga marufuku meli kubwa kupita katikati ya Venice, baada ya miaka ya upinzani na baada ya meli ya MSC Opera kuigonga boti ya watalii gatini Juni 2019. Safari zilizoanzia pale zikahamishiwa Marghera, Ravenna, Trieste na Monfalcone, na ikabidi ratiba za Adriatiki nzima zipangwe upya. Dubrovnik ikiikataa meli ya tatu, meli hiyo haipotei. Huelekea bandari za Kotor, Split au Zadar, ambako katika bandari mpya ya Gaženica kuna kituo kikubwa cha abiria. Moshi nao hauna mpaka. Meli ikiwa gatini huendelea kuwasha mashine ili kupata umeme wa taa, majiko na viyoyozi, na watu wa Gruž, walio mbali na kamera za watalii, ndio wanaouvuta. Tangu Mei 1, 2025 Mediterania yote ni eneo ambalo mafuta ya meli hayaruhusiwi kuwa na salfa zaidi ya asilimia 0.1, hatua nzuri ambayo hakuna mji mmoja ungeweza kuilazimisha.

Ninachokiona kuwa pungufu bado ni hiki. Mpaka wa meli mbili ni makubaliano ya hiari kati ya mji na umoja wa kampuni. Umesimama kwa sababu meya aliyepo anausimamia na kampuni zinaona faida ya kuwa na jina jema. Gati bado liko kwa mamlaka nyingine. Meya akibadilika, au mwaka mbaya wa biashara ukiwasukuma wafanyabiashara kudai meli ya tatu na ya nne, hakuna mnyororo wa kufunga. Wazee wa Ragusa hawakuiacha karantini kwenye hisani ya manahodha. Waliiandika kwenye kitabu cha sheria na kuweka maofisa wa kuisimamia. Serikali ya Kroatia ina uwezo wa kuupa mji sauti rasmi katika kupanga ratiba ya Gruž, na kwa maoni yangu ingeanzia hapo kabla ya kuzungumzia gati lingine lolote.

Jambo la pili ni watu. Baraza la mji limesimamisha vibali vipya vya kupangisha wageni ndani ya mji mkongwe, na hilo linagusa kidonda chenyewe zaidi kuliko idadi ya meli. Kila Februari 3, sikukuu ya Mtakatifu Vlaho, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2009, watu wa Konavle, Župa, Gruž na Mokošica huingia kwa bendera kupitia milango ya mji, na Stradun hujaa wenyeji watupu, kwa kuwa majira hayo karibu hakuna meli. Wengi wa wanaobeba bendera hizo walizaliwa ndani ya kuta au wazazi wao walizaliwa humo. Wanajua nyumba kwa nyumba nani aliishi wapi. Kamera za milangoni zinaweza kueleza wageni wangapi wameingia saa nne asubuhi ya Agosti, na takwimu hiyo ina kazi yake. Ile ambayo baraza lingepaswa kuitangaza kila mwaka kando yake ni ya nyumba zenye watu usiku wa Januari, na watoto wangapi wanatoka ndani ya kuta kwenda shule, kisha mikataba ijayo na kampuni za meli ipimwe kwa takwimu hizo mbili.